Stetimenti ya Mtu Asiyeshtakiwa

Fomu ilikuja moja tu. Ilikuja ndani ya bahasha ya kaki kupitia sanduku la posta la parokia, kwa sababu mimi sikuwa na sanduku, na katekista alinikabidhi mlangoni pa ofisi huku mvua ikinyesha. Niliiweka ndani ya shati, juu ya ngozi, nikatembea hivyo mpaka kwenye chumba nilichopanga nyuma ya mashine ya kusaga, Sumbawanga mjini.

Habari za fomu hiyo nilizipata kwenye kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. Miaka ile magazeti yalikuwa yameongezeka ghafla, kama maduka, na mimi nilikuwa nasoma kila karatasi iliyofungia kitu. Tangazo lilisema chuo kikuu kinafungua mlango kwa watu wazima wasio na vyeti vya kawaida, waombe, na watakaofaa waitwe kufanya mtihani. Mafuta ya maandazi yalikuwa yamekula nusu ya anwani. Nilibahatisha ile nusu, nikaandika, na baada ya wiki nyingi wakajibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Tangu hapo nilikuwa nimekuwa utingo wa lori, nikachunga ng'ombe wa familia zilizohamia Rukwa kutoka kaskazini magharibi, nikalinda ghala, nikapigia watu pasi, na sasa nilikuwa nauza mitumba, nguo za marobota zilizokuwa zinaingia kila upande tangu serikali ilipoachia biashara. Kila kazi niliiacha siku niliyoielewa. Nikishajua ng'ombe mgonjwa anatambuliwaje, ng'ombe walinichosha. Wenzangu niliosoma nao walikuwa na nyumba na watoto. Mimi nilikuwa na maswali, na umri ule maswali hayakuwa yanachekesha tena. Mlango ule ukifungwa sikuona mwingine. Ningekuwa mtu wa kusoma karatasi za maandazi mpaka nizeeke.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Tatu zilitaka mambo ya kawaida: jina, umri, mahali nilikosoma, na sahihi ya mtu aliyewahi kunifundisha. Ya nne ilikuwa mistari mitupu, na juu yake kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, “personal statement”, yaani stetimenti binafsi. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo sana. Sikuyatilia maanani, kwa sababu neno lile nililijua vizuri kuliko neno lolote la Kiingereza.

Kwa mtu aliyefanya kazi kwenye malori, stetimenti ni kitu kimoja. Nilipokuwa utingo, lori letu lilipinduka kwenye matope kabla ya kufika Kasesya, mpakani na Zambia, na nikaitwa kituoni kama shahidi. Koplo mmoja mtaratibu, mwenye mafua, alinipa karatasi. Nilianza kuandika kwamba nadhani dereva alikuwa amechoka. Akaikata sentensi yangu kwa rula.

“Hapa hatuandiki ulichodhani,” akasema. “Andika ulichoona, ulichofanya, na ulichochukua kama ulichukua. Ukimaliza, nyamaza.”

Niliipenda kanuni ile. Niliibeba kwa miaka kama mtu anavyobeba kisu kizuri. Basi nilipoona chuo kikuu nacho kinataka stetimenti, niliona ni haki yake. Wanataka kujua wanamwingiza nani. Sikuandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni. Nilichukua kalamu ya wino nikajaza ukurasa wa nne kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa Kiingereza changu cha lori, kamusi pembeni. Nauweka hapa kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kinaniaibisha hata leo:

“Mimi ninayeandika hapa ni mwanamume, miaka ishirini na minane, Mfipa, Mkatoliki, muuza mitumba, mkazi wa Sumbawanga. Nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, naeleza kama ifuatavyo. Asubuhi ya siku ambayo tarehe yake siikumbuki nilikuwa darasani, kidato cha pili, somo likiwa historia. Kupitia dirishani niliona lori limesimama kwenye stoo ya shule likishusha mahindi. Liliposhusha gunia la mwisho la shule, juu yake bado kulikuwa na magunia mengi. Niliomba ruhusa kwenda chooni. Nilichukua kitabu cha historia nikasomee huko. Kitabu kilikuwa kimoja darasa zima. Nilimuuliza dereva mahindi yaliyobaki yanakwenda wapi. Alijibu: panda uone. Nilipanda. Kitabu kilikuwa ndani ya shati. Sikuwa nimekimaliza. Kitabu hicho ninacho mpaka leo. Sikurudi shuleni. Haya ni maelezo yangu, nimeyasoma na ni sahihi.”

Niliyasoma. Yalikuwa sahihi.

Aliyenifundisha historia alikuwa amestaafu na anaishi karibu na misheni ya Kaengesa, nyumba ya matofali yenye bustani ya vitunguu. Wa kunitilia sahihi nilikuwa na yeye tu. Walimu wengine walikuwa wamehamishwa au wamefariki. Nilikwenda Jumanne kwa lifti ya trekta. Nilipopiga hodi na kumwamkia, aliitikia marahaba huku ananitazama viatu, kisha uso, kisha viatu tena.

“Wewe ni yule aliyekwenda chooni,” akasema.

Alinikaribisha. Alivaa miwani, akafungua fomu, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa nne kama anayesahihisha. Baada ya mistari miwili akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

“Nani amekushtaki?”

Sikuelewa. Akaniwekea kidole kwenye zile herufi ndogo, akanisomea kwa Kiswahili polepole: mwombaji aeleze kwa nini anataka kusoma historia, nini kilimvutia, ana matumaini gani. Wanataka ujipambe, akasema. Wanataka uwe bwana harusi, na wewe umewapelekea mtuhumiwa.

Nadhani hata mimi nilicheka kidogo. Kisha akavaa miwani tena kumalizia, na nikaona anafika kwenye kitabu. Kicheko kilikatika. Alisoma mstari ule, akarudia, akaweka fomu juu ya meza na kuilaza vizuri kwa kiganja.

Aliniambia mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria hata siku moja kwenye malori yote yale. Kwamba darasa langu lilikwenda mpaka mtihani wa kidato cha nne bila kitabu. Yeye alikuwa anakumbuka sura kwa kichwa na kuwaandikisha, na alipokosea walikosea wote. Kwamba shule ilipokagua mali, kitabu kilikosekana, naye akaitwa aeleze kwa maandishi.

“Mimi nami niliandika stetimenti yangu,” akasema. “Niliandika kwamba kitabu kimechukuliwa na mtu nisiyemfahamu. Nilikuwa nimekuona dirishani ukipanda lori, na tumbo lako lilikuwa la mraba.”

Alikuwa amenikinga. Ningesema asante, lakini uso wake haukutaka asante. Alisema alifundisha miaka thelathini na hakuwahi kuandika uongo ila ule mmoja, na sasa nimemletea karatasi ya kusaini inayosema alidanganya. Nilimwambia hakuna atakayelinganisha karatasi hizo mbili. Akasema yeye atalinganisha.

“Kitoe kitabu humo,” akanirudishia fomu. “Andika kama watu. Nitasaini.”

Fomu ilitakiwa kufika chuoni kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa mvua zile na barabara zile, ilikuwa lazima iondoke na basi la Ijumaa.

Jumatano asubuhi nilikaa mlangoni pa chumba changu na wembe mpya, nikaanza kukwangua wino kama tulivyokuwa tukikwangua makosa shuleni. Unalaza wembe, unapitisha kwa upole, unga wa wino unatoka, halafu unasugua kwa ukucha. Nilitoa “kitabu” cha kwanza. Nilitoa “kilikuwa kimoja darasa zima”. Mashine ya kusaga ilipowashwa ukuta ulitetemeka, mkono ukaenda nao, na karatasi ikafunguka. Tundu lilikuwa kama punje ya hindi. Kupitia humo niliona goti langu.

Sijui namna ya kueleza nilivyokaa pale. Watu walipita na madebe ya mahindi kichwani, wakanisalimu, wakasema mambo, nikajibu poa, na kumbe ndani nilikuwa kama mtu aliyeangusha mtoto wa watu. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimejiambia kwamba sikuharibu chochote ila maisha yangu mwenyewe, ambayo ni mali yangu. Sasa nilikuwa nimejua kuhusu wenzangu, na fomu nayo imetoboka, na haikuwepo nyingine.

Nilipanda lori kwenda Msanzi, kwa mama. Nilijiambia nakwenda kuandika kwa utulivu, kwenye karatasi za pembeni nitakazobandika juu ya ukurasa ulioharibika. Ukweli ni kwamba kitabu kilikuwa huko, ndani ya sanduku lake la bati, chini ya vitenge.

Ulikuwa ule mwisho wa masika ambapo nyasi za Ufipa zimefika kiunoni, na mama alikuwa anatengeneza ntumba. Kwa asiyejua: unafyeka nyasi zikiwa mbichi, unazikusanya vichuguu vichuguu, unapindua udongo juu yake mpaka zifunikwe, halafu unaziacha zioze miezi yote ya kiangazi. Mvua mpya zikikaribia unakisambaza kile kichuguu, na hapo ndipo unapopanda mahindi au ulezi. Nilipokuwa mtoto watu wengi walikuwa wameanza kuziacha, kwa sababu mbolea ya mifuko ilikuja kwa bei ya serikali. Ruzuku ilipoondolewa, ghala la ushirika likafungwa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na majembe yakarudi kwenye nyasi. Shamba zima lilikuwa limejaa vichuguu vyeusi vilivyolowa.

Nilikaa ukingoni juu ya gunia, ubao wa kukatia nyama magotini, nikaandika. “Tangu utotoni nimeipenda sana historia.” Nikakata. “Historia ni taa ya jamii.” Nikakata. Niliandika kwamba nataka kulitumikia taifa, na niliposoma nikaona sauti ya mtu anayegombea udiwani. Karatasi ya tano niliandika kwamba niliacha shule kwa sababu za kifamilia, na nikamtazama mama yangu akiwa ameinama na jembe, ambaye alikuwa ameuza ulezi wake wote ili nisome. Nikaikunja ile nikaitafuna, naona haya kusema, lakini niliitafuna kweli, ili asiiokote mtu.

Mama alikuja kunywa maji. Aliuliza naandika nini.

“Wanataka niwaambie kwa nini nataka kusoma.”

“Na wewe hujui?”

“Najua.”

“Basi kinachokuchelewesha ni nini, baba?”

Nilikunja karatasi nyingine. Akatazama karatasi zilizokunjwa, akatazama begi langu lenye mashati ya marobota niliyokuwa nimembebea dada yangu, akacheka kwa pua.

“Mimi ntumba, wewe mitumba,” akasema. “Zangu zikioza zinazaa. Zako?”

Ulikuwa utani wake wa siku zote, alishawahi kunitupia mbele ya wageni, na siku zote nilikuwa nacheka. Siku hiyo nilianza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, mwanaume mzima na ubao wa nyama magotini. Hakunibembeleza. Alinipa jembe lake, akachukua la akiba, na tukapanga mstari.

Tulifanya kazi mpaka mgongo ukawa moto. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza kuuliza. Nilimuuliza nani alianzisha ntumba. Akasema alimkuta mama yake anafanya. Na mama yake? Alimkuta wake. Nikasema haiwezekani watu wawe wanakutana tu. Lazima kuna mtu wa kwanza aliyefukia nyasi na wenzake wakamcheka. Akasema huenda. Akauliza, kwani kile kitabu chako hakisemi?

Nilimwambia hakisemi. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi nisizoweza kuhesabu, kwenye maturubai ya malori, kwenye mazizi, mpaka gamba la mfuko wa saruji nililokivisha likabadilishwa mara tatu. Katika kitabu kizima nchi yetu ya Ufipa ilitajwa kwa sentensi moja, kuhusu chuma kilichokuwa kinayeyushwa huku zamani. Sentensi yenye chuma na haina mtu. Nilikuwa nimetembea mpaka porini kuyaona matanuru yenyewe, udongo uliosimama mrefu kuliko mimi, nikaingiza mkono kwenye matundu ya chini ambako upepo ulipita, na bado sikujua ni nani alikuwa amechuchumaa pale. Nilikuwa nabaki na kitabu kile nikidhani nimeruka ukurasa.

Mama alipindua bonge la udongo, akalipigapiga kwa bapa la jembe.

“Kama hakisemi,” akasema, “umekiweka cha nini? Kirudishe.”

Alisema kama mtu anayesema kesho tuchume maharage.

Ijumaa alfajiri nilikitoa sandukuni. Fomu niliiacha kama ilivyokuwa, na tundu lake. Karatasi za pembeni sikuwa nayo hata moja ya kubandika. Lori la kwanza lilinifikisha mjini. La pili lilizama kwenye matope kabla ya Kaengesa, tukasukuma, likazama zaidi, nikavua viatu nikatembea. Sikuwa na tumaini lolote, nasema kweli. Nilikuwa natembea kwa sababu kusimama kulikuwa kubaya zaidi.

Mwalimu alikuwa kwenye vitunguu vyake. Hakuniuliza kwa nini nina matope mpaka mapajani. Nilimpa kitabu kwanza. Alikivua gamba la saruji pale pale, akafunua ukurasa wa mbele wenye muhuri wa shule, kisha akaanza kukipitia, haraka, kama anayetafuta kitu alichokuwa amesahau, na mara moja akasimama.

“Hapa niliwadanganya,” akasema. “Niliwaandikisha kinyume.”

Hakusema ni nini. Alikiweka kitabu dirishani, akanyoosha mkono nimpe fomu. Aliona tundu. Aliinua karatasi juu ya mwanga, akanitazama kupitia humo kwa jicho moja, na kwa kitambo nilidhani atacheka tena.

“Ulianza kukitoa,” akasema.

“Ndiyo, mwalimu.”

“Ukashindwa.”

“Ndiyo.”

Akakaa mezani. Kwenye nafasi ya mwalimu aliandika taratibu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, na aliponirudishia nilisoma nikiwa nimesimama. Aliandika kwamba ananifahamu. Aliandika kwamba yaliyoelezwa ukurasa wa nne ni kweli, kwamba kilipokosekana kitabu alisema hamjui aliyekichukua na hilo halikuwa kweli, na kwamba kitabu kimerudi leo kikiwa na kurasa zote. Akatia sahihi na tarehe.

Nilikimbia mpaka barabara kuu. Basi lilikuwa limechelewa kwa sababu ya matope yale yale, na hiyo ndiyo bahati pekee niliyopata wiki ile. Nilimpa konda bahasha akaitumbukize posta Mbeya. Akaisukuma nyuma ya kioo cha mbele, pamoja na barua nyingine na kuku wa mtu.

Majibu yalikuja mvua mpya zilipoanza, mama akiwa anasambaza ntumba. Mistari miwili ya taipureta. Walisikitika kwamba maombi yangu hayakukidhi sifa. Niligeuza karatasi nyuma, nikaisoma na huko, hakukuwa na kitu. Hawakutaja tundu, wala kitabu. Sikuwahi kujua kama kuna mtu aliyesoma ukurasa wa nne, na jambo hilo liliniuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Kwa siku kadhaa sikutoka nje. Mashati yangu ya marobota yalipata ukungu.

Mwisho nilikwenda kumwambia mwalimu, kwa kuwa alikuwa ameweka jina lake pale. Alikuwa na kitabu mezani, na kando yake daftari. Alikuwa anaandika makosa aliyowaandikisha wale wanafunzi, moja baada ya jingine, sijui ili ampelekee nani. Alisoma ile mistari miwili, akaikunja, akanirudishia. Hakunipa pole.

“Kuna jambo hukuandika kwenye stetimenti yako,” akasema. “Yale mahindi. Yalikuwa yanakwenda wapi?”

Nilikumbuka lori, turubai, baridi ya juu ya magunia, vumbi. Nilikumbuka ghala la bati ambako tulishusha, na mtu mwenye kalamu sikioni. Lakini magunia yalikuwa yanaingia mlango mmoja na kutoka mlango wa pili kwenye malori mengine, na mimi nilikuwa nimelala.

“Mpaka ghala la kwanza najua,” nikasema. “Baada ya hapo sijui.”

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto ambaye hakufanya zoezi.

“Uliacha darasa langu kwa ajili ya swali hilo,” akasema, “na hujalimaliza.”

Alichana ukurasa mtupu katikati ya daftari lake akanipa, pamoja na penseli. Wino alininyima.